Macho Yasiyouma ya Mwalimu Feleti

Mwalimu Feleti aliishi na kisukari miaka kumi na moja, na kwa muda wote huo walielewana vizuri sana. Kisukari kilifanya kilichotaka, na yeye alifanya alichotaka. Kliniki ikimwita, alikuwa na mazoezi ya kwaya. Mazoezi yakiisha, alikuwa na kikao cha kava, kinywaji chetu cha mizizi kinacholegeza mwili. Kava ikiisha alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka, alisema, hapimwi, kwa sababu kitakachopimwa ni uchovu wake.

Nasema haya kama shahidi wa karibu. Mimi ni Vika, mwenye duka lililo ubavuni mwa kanisa hapa Hihifo, na kwenye kwaya naimba sauti ya pili. Soda alizokunywa Feleti miaka yote hiyo nilimwuzia mimi. Za baridi. Siku nyingine nilimfungulia kizibo mwenyewe, maana alikuwa mwalimu wangu, na mwalimu hustahili heshima.

Ualimu wenyewe haukuwa wa shule. Alifundisha kwaya, na kijijini kwetu hicho ni cheo kinachokaribia cha mchungaji, tofauti ni kwamba mchungaji huhamishwa. Sisi nyimbo tunazisoma kwa tarakimu, kuanzia tatu mpaka tisa, na Feleti ndiye aliyeziandika ubaoni kwa chaki, mistari minne kwa sauti nne. Alikuwa na mwandiko mzuri mno. Akiandika wimbo mpya, hata wale wasioweza kuimba bila kufukuza kuku walikuja kusimama mlangoni watazame.

Kila mwaka muuguzi Fusi alipita nyumba kwa nyumba na daftari lake.

"Mwalimu, mwaka huu tunakupima macho."

"Macho yangu yana nini?"

"Ndicho tunachotaka kujua."

"Fusi, mwanangu, unamwona yule nguruwe kwenye viazi vikuu vya jirani?"

"Namwona."

"Na mimi namwona. Haya, nenda kampime nguruwe."

Fusi hakucheka. Alimweleza kwamba kisukari hula mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho, kinaila polepole bila kuuma, na anayengoja maumivu atangoja mpaka giza limkute kitini. Mwenye kisukari, alisema, anatakiwa kuangaliwa nyuma ya jicho kila mwaka, hata kama anaweza kutunga uzi kwenye sindano akiwa amepanda farasi. Feleti alimshukuru sana kwa mafundisho hayo, akamwombea dua ndefu, akamsindikiza hadi barabarani. Kwa adabu ile usingeweza kumlaumu. Mwaka uliofuata dua ilikuwa ndefu zaidi.

Mwaka wa tisa taa za kanisa zikaanza kupungua nguvu. Yeye ndiye aliyezigundua. Wazee wa kanisa wakanunua balbu mpya. Mwezi mmoja baadaye akagundua kwamba chaki za siku hizi hazina weupe. Tukaagiza chaki nyingine kutoka mji mkuu, Nuku'alofa. Kisha waliochapa kitabu cha nyimbo wakaonekana ni wavivu, wino wameubana. Kila kitu hapa kisiwani kilikuwa na kasoro, isipokuwa macho mawili.

Nikamwuzia miwani ya kusomea. Huwa ninayo kaunta, imetundikwa kwenye kadibodi, karibu na nyembe. Alipoilalamikia nikamwuzia nzito zaidi, na baada ya hapo ya tatu, ambayo ukiivaa mkono wako mwenyewe unakutisha. Nilimchagulia mimi. Sikusomea macho, lakini nimesomea wateja. Siku nyingine aliona vizuri kidogo, akasema miwani imeshika. Siku nyingine hakuona, akasema nimemwuzia mbovu. Baadaye Fusi alinieleza kwamba sukari ikipanda na kushuka, macho nayo huyumba. Wakati ule mimi na Feleti tulikuwa na elimu yetu wenyewe.

Kalisi, mkewe, alichangia kwa majani. Aliyachemsha, akayachuja kwa kitambaa, akamdondoshea machoni asubuhi na jioni. Ni majani yale yanayotibu kila kitu, na ndiyo maana makaburini kwetu kuna nafasi tele.

Wiki tatu kabla ya tamasha la kwaya la wilaya, Feleti aliandika wimbo mpya ubaoni kutoka kwenye karatasi. Pale palipokuwa na tatu aliandika nane. Si mara moja. Na mstari wa besi akaupandisha juu ya mstari wetu, tarakimu zikalaliana kama samaki kwenye kapu. Lakini kwetu mwalimu akiandika, unaimba. Tukaimba. Mbwa wote wa mtaa waliitikia, na mmoja wao, kusema kweli, alikuwa karibu na sauti iliyotakiwa kuliko sisi.

"Nani anaharibu?" Feleti akauliza, fimbo juu.

Wanaume wa besi walitazama miguu yao.

"Mwalimu," nikasema, "hapo ni tatu au nane?"

"Vika, kama huoni, sogea mbele."

Nikasogea mbele.

Jumamosi iliyofuata ndiyo siku yenyewe. Jumamosi duka langu hujaa, maana kesho yake ni Jumapili na hakuna anayeuza hata kibiriti, na watu hawawezi kwenda kumwabudu Mungu bila nyama ya kopo, tui na mbavu za kondoo zenye mafuta vikiwangoja kwenye mawe ya moto. Wiki ile nusu ya kijiji tulikuwa tumevaa nguo nyeusi za msiba, mimi nikiwa mmoja wao. Mama Losaline, dada yake mkubwa Feleti, alikuja kununua unga, naye kavaa nyeusi. Ni mjane wa miaka sitini na minne, kiongozi wa maombi ya akina mama, mwanamke ambaye akikohoa kanisani hata mhubiri huangalia saa. Nikamwomba akae kwenye benchi la barazani, nikaingia ndani kutafuta gunia jipya.

Feleti akaja na sigara yake, akaketi benchi lilelile. Nilimsikia kutoka nyuma ya rafu.

"Vika, mama! Nasikia mzee kisharudi kutoka Australia kuchuma machungwa. Vipi, kitanda kimeshapata fundi, au bado kinasimama kwa miguu mitatu?"

Akacheka peke yake. Mimi nilidhani ameniona kupitia dirishani, nikawa natafuta jibu la kumkomesha.

"Ah, leo unaona haya? Mtu miezi saba hayupo! Akirudi hata godoro linaomba poo!"

Halafu nikasikia benchi likilia, mtu ameinuka.

"Sasa unakwenda wapi? Na duka nani analilinda?"

Nikatoka na unga mikononi. "Mwalimu, nani huyo unayemchekesha?"

"Si wewe?"

"Mimi niko huku ndani."

Uso wake ukageukia sauti yangu, kisha ukageukia barabara. Losaline alikuwa hata hatua kumi hajafika, anatembea taratibu, mkeka wake mpana wa msiba umefungwa kiunoni, kapu tupu mkononi. Mchana kweupe.

"Yule ni nani?" akauliza.

Kwetu kaka na dada hawakai chumba kimoja kutazama runinga, seuze kuzungumzia magodoro. Neno chafu likisemwa mbele yao wote wawili, mmoja wao hutoka, na aliyelisema huomba radhi kama aliyechoma nyumba. Na dada ndiye mkubwa daima, hata angezaliwa jana. Nilitamani kumdanganya. Nikashindwa.

"Mama Losaline," nikasema.

"Alikuwa amekaa hapa?"

"Alikuwa amekaa hapo."

Alinyoosha mkono akapapasa benchi upande wa pili, kama anatafuta kama bado lina joto. Sigara ilimwangukia pajani, akaiacha mpaka ilipotoboa kitambaa. Katika maisha yangu nimemkejeli mtu huyu mengi, na nitamkejeli tena, lakini dakika ile sikuwa na mzaha hata mmoja dukani.

Akaenda nyumbani akajifungia siku tatu. Kwaya haikufanya mazoezi. Kijiji, kwa huruma yake ya kawaida, kilikuwa na habari nzima kabla ya jua kuzama, na hadi Jumatatu lile godoro langu lilikuwa maarufu kuliko tamasha.

Siku ya nne Losaline alinipitia dukani, tukaenda kwa Feleti. Hakuingia nyumbani kwa kaka yake, hilo lisingewezekana. Aliketi kwenye banda la jikoni uani, akanituma nimwite Kalisi, akanifanyia ishara nami nikae. Sikuthubutu kuondoka. Halafu akaanza kuongea na Kalisi, ambaye alikuwa amekaa umbali wa goti, kwa sauti ya kumfikia mtu aliye chumba cha nyuma.

"Wifi, nina swali. Mtu akimwona dada yake na akamtania mambo ya kitandani, huyo anaitwaje?"

Kalisi akainamisha kichwa. "Mtovu wa adabu, wifi."

"Na asipomwona, naye yuko urefu wa mkono, jua liko utosini?"

Kalisi akasogeza sufuria ambayo haikuhitaji kusogezwa.

"Nimeuliza."

"Kipofu, wifi."

"Basi. Mimi mama yangu hakuzaa mtovu wa adabu. Nilikuwepo, nilimbeba mgongoni, namjua. Kwa hiyo mwambie huyo aliye ndani kwamba nimeshachagua. Ni kipofu. Na kipofu hupelekwa hospitali. Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, gari la Vika."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba gari langu lina safari.

Kutoka chumba cha nyuma ikasikika sauti nyembamba. "Kalisi, mwambie dada tamasha..."

"Wifi," Losaline akasema, "mwambie kwamba sijasikia kitu."

Alhamisi tukaondoka. Losaline alikaa mbele nami, mkoba mapajani. Feleti na Kalisi walikaa nyuma kwenye bodi, juu ya godoro, jambo ambalo nilijutia kulipanga mara tu nilipoona jinsi kila mtu barabarani alivyokuwa akilitazama.

Hospitalini Losaline aliketi benchi la mbali. Fusi mwenyewe ndiye aliyempokea Feleti, na sitasahau wema wake: hakusema "nilikuambia" hata mara moja. Aliitamka kwa nyusi tu. Akamwekea matone ya kupanua mboni, tukangoja, mboni zikawa kubwa kama vifungo vya koti. Wakampiga picha za nyuma ya macho. Kisha tukaitwa mimi na Kalisi tuingie naye kwa Daktari Folau, mama mfupi mwenye sauti ya upole na maneno ya miiba.

Picha zilikuwa kwenye kompyuta. Mimi nilitegemea kuona jicho. Niliona kitu chekundu kama sayari, kimejaa vidoti vya damu na madoa ya njano, kama mafuta yaliyoganda juu ya mchuzi.

"Haya mekundu ni mishipa iliyopasuka," daktari akasema. "Haya ya njano ni uchafu uliovuja. Na hivi vijishipa vya kujisokota vimeota vyenyewe, kwa sababu jicho limekosa damu safi likajaribu kujitengenezea njia. Ni dhaifu, hupasuka ovyo. Hiki cha kushoto kimeshapasuka. Umeona nyuzi nyeusi zikielea?"

"Tangu Pasaka," Feleti akasema. "Nilidhani utando wa buibui."

"Ukafanya nini?"

Kalisi akajibu kwa niaba yake. "Nimefagia dari mara tatu, daktari."

Daktari alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyesikia mbinu mpya ya matibabu. "Na kwa nini hukuja, mzee wangu?"

"Hayakuuma."

"Jicho hili halina ustaarabu wa kuuma. Mguu unauma, jino linauma. Nyuma ya jicho pananyamaza. Ungekuja mwaka ule Fusi alipokuandika mara ya kwanza, tungekuta vidoti viwili vitatu, tungekwambia tu ushushe sukari na presha, uache sigara, urudi mwakani. Soda unakunywa?"

"Kidogo."

"Ananunua wapi?" daktari akatugeukia mimi na Kalisi.

Mimi nilikuwa nikisoma tangazo ukutani kuhusu kunawa mikono. Ni tangazo zuri sana. Nililisoma lote, mpaka jina la kiwanda kilicholichapa.

Daktari akampangia Feleti leza jicho la kulia, mara tatu, na jicho la kushoto leza na sindano.

"Sindano ya mkono?" Feleti akauliza.

"Ya jicho."

"Ndani ya jicho?"

"Ungependa niidunge wapi, begani? Bega linaona vizuri."

Lazima niseme kweli, alivumilia. Kwenye leza aliweka kidevu kwenye chuma, taa za kijani zikamwangaza mara mamia, akatoka jasho linamtiririka akasema ni kama kuchomwa na miba ya mndimu. Siku ya sindano walimtia ganzi ya matone, na ilimalizika kabla hajafika katikati ya dua. Aliporudi mara ya mwisho aliuliza swali alilokuwa akilihifadhi kwa wiki nyingi.

"Daktari, lini nitaona kama zamani?"

"Hutaona kama zamani," daktari akasema, na safari hii hakuweka mwiba wowote. "Leza hairudishi kilichopotea. Inakilinda kilichobaki. La kulia limebaki na kitu kizuri. La kushoto, damu ikijisafisha, utaona umbo la mtu na mwanga. Labda zaidi kidogo. Vingine viko mikononi mwako, na mdomoni mwako."

Feleti alikaa akiitazama mikono yake, kama kwamba kuna aliyemwambia asome. Kalisi alimshika bega. Tukarudi Hihifo.

Kosa la barazani lilihitaji kufutwa rasmi. Feleti akatoa nguruwe mzima wa kuchoma na mkeka mzuri ambao Kalisi alikuwa ameufuma kwa ajili ya harusi ya binti yao. Akaviweka mbele ya nyumba ya dada yake, akaketi chini, ameinamisha kichwa, hakuingia. Losaline alipokea mkeka. Alipokea nguruwe. Kisha akatoa tamko, kupitia kwa Kalisi kama kawaida, kwamba radhi ametoa, na kwamba mwenye kuomba radhi asile hata kipande cha ngozi ya nguruwe huyo, kwa kuwa ana mafuta na chumvi, na yeye Losaline hakusumbuka kumsamehe mtu ili afe.

Tangu siku hiyo jiko la Feleti likawa na serikali mpya. Jumapili mezani Losaline hakai na kaka yake, lakini sahani ya kaka yake hupita kwanza kwake. Gimbi moja, si manne. Samaki badala ya nyama ya kopo. Majani mengi, tui kidogo. Vidonge kila siku, si siku ile tu ambayo kichwa kinazunguka. Sigara aliacha kwa siku moja, baada ya dada kumtumia ujumbe wa maneno mawili ambayo Kalisi amekataa kuyarudia mbele yetu. Mimi pia nilitembelewa. Losaline alisimama mbele ya friji yangu ya soda, akaitazama muda mrefu, akanitazama mimi, akanunua kibiriti, akaenda zake. Nimemwuzia Feleti maji tangu hapo. Anayalalamikia kwamba hayana ladha, nami namwambia ndiyo sifa yake.

Tamasha la mwaka ule tulilikosa. Mwaka uliofuata tulikwenda. Binti wa Kalisi na Feleti ndiye aliyeandika tarakimu ubaoni, kubwa kama mayai ya bata, na Feleti akasimama ameinamisha kichwa kulia, akituongoza kwa jicho moja na masikio yote mawili. Tulishika nafasi ya tano kati ya sita. Wengine watakwambia ni ya heshima. Wa sita walikuwa wamepatwa na mafua.

Ubaya ni kwamba ameokoka. Mtu aliyekataa kupimwa miaka kumi na moja sasa hawezi kumaliza mazoezi bila kusimamisha wimbo katikati na kuuliza nani mwenye kisukari hajaenda kuangaliwa macho. Anataja watu kwa majina. Besi mmoja amehamia madhehebu mengine. Fusi akija na daftari, Feleti anatembea mbele yake nyumba hadi nyumba, na dua siku hizi anaomba fupi ili wawahi.

Mwezi uliopita walifika dukani kwangu. Nikasema mimi sina kisukari. Fusi akaniuliza nilipima lini. Nikasema mimi naona vizuri, namwona hata...

"Usimtaje nguruwe," Feleti akasema.

Fusi akanitoboa kidole palepale kaunta, juu ya kadibodi ya miwani. Namba ilipotoka aliiangalia, akanionyesha, akaandika jina langu daftarini. Wiki hiyo hiyo nikaenda Nuku'alofa, nikawekewa matone, nikakaa nikiwa sioni hata mkono wangu, Daktari Folau akahesabu. Vidoti vinne jicho la kushoto, kimoja la kulia. Hakuna leza bado. Nishushe sukari, nitembee, nirudi baada ya miezi sita.

Tarehe nimeiandika kwa chaki mlangoni mwa friji. Siumwi na chochote. Nitakwenda.